Sifa hupakwa mwisho

SWALI: Assalaam aleikum, maalim. Baba yetu alifariki miezi miwili iliyopita hapa Lamu. Alikuwa fundi wa majahazi Matondoni tangu ujanani hadi mikono ilipokataa kushika tezo, kile chombo chake cha kuchongea mbao. Alikaa na mama miaka 53, akajaaliwa watoto saba na wajukuu 24. Ndugu zangu wamenipa mimi, binti wa tatu, kazi ya kuandika wasifu wake. Usomwe siku ya hitima mama akishatoka eda, kisha kila mjukuu apewe nakala. Nimekesha siku tatu na nimepata sentensi moja tu: "Marehemu alikuwa mume mwema, baba mwenye huruma, na babu aliyependwa na wote." Kila nikiongeza naona narudia yale yale. Tena yako mambo mawili yanayonitatiza. Kitambulisho chasema alizaliwa 1944, kwa hiyo amekufa na miaka 81, lakini mwenyewe akituambia ana 83. Na kabla ya kumuoa mama aliwahi kuoa Faza, wakaachana, na huko ana mtoto wa kiume. Kaka zangu hawataki atajwe. Naomba uniongoze. (Binti wa Langoni)

JIBU: Waaleikumu salaam, mwanangu. Mola amrehemu babako, ampanulie kaburi lake, na akupeni subira nyote, mamako zaidi.

Sentensi yako haina uongo, wala usione umekesha bure. Tangu nistaafu ualimu nimekaa na familia nyingi za hapa Amu kuandika wasifu wa marehemu wao, na karibu kila karatasi niliyoletewa ilianza kwa maneno hayo au ndugu zake. Kasoro yake ni kuwa ukiyatoa kwa msiba wa Langoni ukayasoma kwa msiba wa Shela, yatakaa vilevile. Hayamtambui mtu. Mjukuu atakayeyasoma miaka thelathini ijayo atajua kuwa alikuwa na babu, na hilo angelijua hata bila karatasi.

Babako alikuwa fundi, basi nikutolee mfano kazini kwake. Jahazi huanza kwa mkuku, ule uti wa chini. Zikasimamishwa fashini, nguzo za mbele na nyuma, yakaja mataruma, mbavu zake, ukapigiliwa ubao juu ya ubao, kisha kila mwanya ukakalafatiwa kwa pamba. Baada ya yote hayo ndipo hupakwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake nadhani bado imo katika nguo zake za kazi. Sifa hulinda ubao usipasuke kwa jua na usiliwe na maji ya chumvi, lakini sharti ubao uwepo. Wewe umeanza kwa kupaka sifa, na chini yake hujagongomea ubao hata mmoja. Ndiyo maana kila ukiongeza unaona unarudia: unapaka juu ya ulichopaka.

Mbao zako ni mazoea yake. Nasema mazoea, sisemi matukio makubwa, kwa sababu najua utaniambia maisha yake yalikuwa ya kawaida na hakuna kubwa la kusimulia. Aliamka saa ngapi kwenda Matondoni, na alikwenda kwa miguu, kwa punda au kwa mashua? Akirudi jioni alikuja na nini mkononi, vibanzi vya kuwashia jiko, samaki, au mikono mitupu? Samaki akipakuliwa, kichwa alimwekea nani? Kusi likivuma na kazi ikalala, alikaa vipi nyumbani? Mtoto akiwa na homa usiku, nani aliyembeba? Majibu ya maswali haya hayawezi kuwa ya mtu mwingine yeyote.

Niliwahi kuletewa wasifu wa mzee mmoja wa Mkomani ambapo neno "mpole" lilikuwa limeandikwa mara tano. Nikawauliza watoto wake, mpole vipi? Walikaa kimya muda mrefu. Mwishowe kitinda mimba akasema kuwa kila usiku kabla ya kulala babake aligusa mtungi wa ghorofani kuhakikisha una maji, kwa kuwa mkewe alikuwa na mazoea ya kuamka na kiu, naye hakutaka ashuke ngazi gizani kwenda birikani. Alifanya hivyo hadi wiki aliyolazwa. Tukaandika habari ya mtungi, na "mpole" zote tano tukazifuta. Siku ya kusomwa, upande wa wanawake ulinyamaza ulipofikiwa mtungi, kisha nikasikia kilio cha mtu mmoja, na kila mtu alijua ni nani.

Na mimi pia nina langu. Nilipofiwa na baba yangu niliandika ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kupendeza, na kazi yangu ilikuwa kufundisha Kiswahili, kwa hiyo niliuridhia. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Akasema ni maneno mazuri, kisha akauliza kama kuna ukurasa mwingine. Sikuelewa alichoniuliza. Mwaka uliofuata naye akatangulia, na mambo aliyotaka yawemo katika ukurasa ule wa pili sikuyapata kwake wala kwa mtu mwingine. Ndiyo sababu nitalisema hili kwa mkazo kuliko yote: nenda kwa mamako kwanza, kabla ya kwenda kwa ami, kabla ya marafiki zake wa Matondoni, kabla hata ya kujiuliza wewe mwenyewe unakumbuka nini.

Watoto hudhani wanamjua baba. Mnamjua aliyekuwa baba tayari. Mamako ndiye aliyemjua kijana aliyekuja kuposa, mikono yake ikiwa bado haijaota sugu zote, na ndiye aliyemjua mzee wa usiku wa manane ambaye nyinyi hamkumwona. Neno "mume" umeliweka mbele katika sentensi yako, na kwa kweli ndilo la kuanzia, lakini shahidi wake ni mmoja tu.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Umeniambia imepita miwili, kwa hiyo mko kama nusu ya njia. Yuko ndani, wageni wamepungua, na pengine mchana humwia mrefu. Nenda kati ya alasiri na magharibi. Usiende na daftari. Nenda na kazi ya mikono, mchele wa kuchagua au kofia ya kushona, mfanye pamoja, maana mtu husema zaidi macho yake yakiwa kazini kuliko mkitazamana. Na usimuulize, "Baba alikuwa mume wa namna gani?" Atakujibu, "Mwema," na mtakuwa mmerudi pale pale. Muulize nyumba ya kwanza waliyokaa ilikuwa wapi na ilivuja upande gani. Muulize mara ya kwanza walipokosana, nani alianza kusema na mwenzake, na kwa maneno gani. Muulize mahari ilikuwa nini na kama ilitimia. Ukitaka kurekodi kwa simu mwombe ruhusa, na akikataa usimbembeleze. Andika usiku ule ule ukirudi chumbani, kabla usingizi haujayachanganya maneno yake na yako.

Yatakuwako mambo atakayokuambia kisha akaongeza kuwa hayo ni yako wewe tu. Hayo usiyaandike, hata yakiwa ndiyo mazuri kuliko yote. Umepewa amana.

Usidhani ni jambo geni kwetu mjane kumtaja mumewe kwa furaha. Visiwa hivi ndivyo vilivyotupa Mwana Kupona binti Mshamu. Mumewe, Bwana Mataka mtawala wa Siyu, alifariki mwaka 1856. Mwaka 1858, naye akiwa mgonjwa, akamtungia binti yake utendi wa wasia. Watu huutaja kwa mafunzo yake ya ndoa, na wengine siku hizi hubishana nayo, lakini mimi hurudia kila mara pale anaposimama kidogo kumkumbuka mumewe, jinsi walivyokaa kwa furaha na kicheko. Kicheko, mwanangu! Mke wa mtawala, katika zama za vita vya Siyu, akiwa kitandani na maradhi, na alilotaka binti yake alijue kuhusu babake ni kuwa nyumbani kulikuwa na kicheko. Muulize mamako alicheka lini mara ya mwisho na babako, na walichekea nini.

Sasa miaka yake. Hapa nina habari njema: inawezekana hakuna aliyekosea. Kitambulisho huhesabu miaka ya jua. Babako, kama wazee wengi wa hapa, huenda alihesabu miaka yetu ya Kiislamu, na mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama kumi na moja. Miaka 33 ya mwezi huwa sawa na 32 ya jua. Piga hesabu: miaka 83 ya mwezi ni kama miaka 80 na nusu ya jua, na miaka 84 ya mwezi ni kama 81 na nusu. Kwa hiyo mtu aliyetimiza 83 kwa hesabu ya Hijria, bado hajafika 84, anaweza kabisa kuwa na 81 kwa kitambulisho. Kaka zako wasije wakabishana siku ya hitima kwa jambo ambalo lina majibu mawili sahihi.

Unaweza kusogea karibu zaidi. Mwaka 1944 karibu wote umo ndani ya mwaka 1363 wa Hijria. Muulize shangazi, au yeyote mkubwa aliyebaki upande wa babako, alizaliwa mfungo gani, yaani mwezi gani wa Kiislamu. Wazee wengi hawajui tarehe lakini mfungo wanaujua, hasa ukiwa wa Maulidi. Tuseme wakuambie Mfungo Sita, ndio mwezi wa Maulidi. Mfungo Sita wa 1363 uliangukia mwishoni mwa Februari hadi kuelekea mwisho wa Machi 1944. Basi uliza tena kwa njia nyingine: alizaliwa pepo gani zikivuma? Wakisema kaskazi, majahazi ya Arabuni yakiwa yamo bandarini, hesabu imekubali, kwa sababu kaskazi huvuma Disemba hadi Machi. Wakisema kusi, basi ama mfungo si huo au mwaka si huo, na hapo andika "yapata 1944" uache. Angalia tu usitumie Mfungo Sita wa siku hizi kukisia hali ya hewa ya siku ile. Mifungo huzunguka mwaka mzima wa jua, haikai msimu mmoja.

Ndoa yao isikusumbue, cheti cha kadhi kina tarehe. Kwa mengine, usiulize "mwaka gani", uliza kabla au baada ya jambo ambalo kila mtu analikumbuka: bendera ya Uhuru, 12 Disemba 1963, vita vya shifta vya miaka iliyofuata, vilivyowatoa Wabajuni wengi vijijini kwao, kufa kwa Mzee Kenyatta, Agosti 1978, mvua za El Niño za 1997, siku bahari ilipokupwa na kujaa ghafula, 26 Disemba 2004. Kwa fundi wa majahazi nakuongezea mwaka 1982, Serikali ilipokataza boriti za mikoko kuuzwa nje ya nchi. Boriti zilikuwa shehena kubwa ya majahazi kutoka hapa kwenda Arabuni. Waulize mafundi wenzake yale majahazi makubwa aliyoyajenga yalikuwa kabla au baada ya hapo, na baada ya hapo alijenga nini, mashua za uvuvi au vyombo vya kupandia watalii. Katika jibu hilo utaona pia alivyowalisha nyinyi miaka ambayo kazi ilipungua, jambo ambalo pengine hamkuambiwa mkiwa wadogo.

Nimefika kwa mtoto wa Faza. Uliniandikia kuwa babako alijaaliwa watoto saba. Hapana, alijaaliwa wanane.

Najua kaka zako hawana nia mbaya. Wanadhani wanamlinda mama. Lakini talaka humtenga mume na mke, haimtengi mtoto na babake. Katika mirathi fungu la huyo ndugu yenu ni sawasawa na la kila kaka yako, na kadhi hatauliza mama yake ni yupi. Itakuwaje basi awe na haki katika mali na asiwe na haki katika jina? Babako hakumkana alipokuwa hai. Mkimwacha nje ya karatasi itakayogawiwa wajukuu 24, mtakuwa mmemkana nyinyi kwa kutumia kalamu ya marehemu, naye hayupo wa kusema sikusema hivyo. Na watoto wa huyo ndugu yenu, kama anao, ni wajukuu pia. Hao wawili watatu watakuwa wamemkosa babu yao mara mbili. Katika jambo hili sina shauri la kati na kati.

Namna ya kuandika ndiyo yenye nafasi ya upole. Andika "alijaaliwa watoto wanane", kisha wataje kwa mfuatano wa kuzaliwa, yeye akiwa wa kwanza, bila kuwapanga kwa mama zao. Habari ya ndoa ya Faza inaweza kuwa mstari mmoja au isiwepo. Hilo mwachie mamako aamue, na nakuonya kwa uzoefu kuwa huenda akakushangaza. Wanawake wa umri wake walijua kila kitu siku nyingi, na mara nyingi ndio waliokuwa wakimtumia mtoto yule nguo za Idi. Kisha, kabla ya hitima, mmoja wenu apande boti aende Faza, amsomee sehemu inayomhusu, na amuulize yeye ana nini la kuongeza. Huenda ana babako ambaye nyinyi hamkumwona.

Kama yapo magomvi ya zamani na ndugu au majirani, yaache. Tumefundishwa tuwataje maiti wetu kwa mema, na asiyeweza kujitetea hashtakiwi. Ila kama walipatana, kupatana kwao kuandike.

Kwa wajukuu, mtego ni kuwaandikia nyinyi watu wazima: "aliwapenda sana wajukuu wake." Waache waseme wenyewe, hata mmoja mmoja neno moja. Utashangaa watoto wanavyoshika mambo madogo: sauti ya kikohozi chake akikaribia mlango, kibao alichowachongea, peremende zilizonuka tumbaku kwa kukaa naye mfukoni. Wa miaka mitano akisema babu alikuwa na mikono migumu kama mti, usimrekebishe. Wale walio Mombasa na ng'ambo ambao Kiswahili chao kimepwaya, wapigie simu uwasikilize kwa lugha waliyo nayo, kisha uandike wewe. Usiwaache nje kwa sababu ya sarufi.

Na maneno ya babako mwenyewe yaache katika Kiamu chake, lahaja yetu ya Lamu. Kama alisema "ndoo", usimwandike "njoo". Kama maji kwake yalikuwa "mai" na njia ilikuwa "ndia", ziache hivyo hivyo. Maelezo yako andika kwa Kiswahili cha wote, lakini kinywa chake usikisanifishe. Nimeona wasifu ambao mzee wa Matondoni anazungumza kama msomaji wa taarifa ya habari ya redio, na watoto wake wanasikiliza bila kumtambua.

Urefu usizidi kurasa tatu. Hitima ina kisomo chake, dua yake na chakula chake, na watu hawawezi kukaa na karatasi nusu saa. Yatakayobaki yaweke katika nakala ya nyumbani. Hakikisha upande wa wanawake unasikia vizuri, maana mara nyingi kipaza sauti huelekezwa kwa wanaume na mjane mwenyewe hupata vipande. Na kabla ya mtu yeyote, msomee mamako peke yake, pole pole, mkiwa wawili. Atakapokukatiza andika alichosema.

Ukimaliza mbao zote, ukaziba mianya, ile sentensi yako ya kwanza irudishe, iweke mstari wa mwisho kabla ya dua. Itakuwa imepata mahali pa kukaa.

Hukuniambia tezo yake iko wapi sasa. Ikiwa bado iko Matondoni, nenda ukaichukue kabla haijauzwa na vyombo vingine, au mwombe aliye nayo akuoneshe. Mpini wa tezo hulika kwa mkono wa mwenyewe. Utazame umelika wapi, uweke kiganja chako pale, kisha urudi nyumbani uanze kuandika.